Pumzi Thelathini na Tano

Katika vyote ambavyo nesi anampima mgonjwa, kuna kimoja ambacho anatakiwa akipime bila mgonjwa kujua. Joto unaambiwa: weka kwapani, bana mkono. Presha unaambiwa: vua sweta, tulia, usiongee. Mapigo ya moyo unayaona yakipimwa, vidole vimelala kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Lakini pumzi, ukiambiwa inahesabiwa, inaharibika. Mtu akijua anatazamwa anavyopumua huanza kupumua kama anavyodhani watu wanapumua: pumzi ndefu, za adabu, za kupangwa. Kwa hiyo wauguzi wanafundishwa ujanja. Ukimaliza kuhesabu mapigo usiuachie mkono. Endelea kuushika, saa mbele yako, uso ule ule, halafu macho yahamie taratibu kifuani kwa mgonjwa, au tumboni, uhesabu dakika nyingine nzima. Yeye anadhani bado unahesabu moyo.

Nina zaidi ya miaka 10 kwenye uandishi wa habari. Nimehudhuria semina za kila aina, za mahojiano, za takwimu, za habari za uchunguzi, na hakuna aliyewahi kunifundisha mbinu ya kumtazama mtu iliyo nzuri kama hii. Niliifahamu Makambako, mwezi wa 6, usiku, katika wodi ya wanawake.

Makambako wengi mnaijua kwa dirisha la basi. Ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake hapo, kwa hiyo mji mzima unaishi kwa kusimama kwa watu wengine: malori, mabasi, chipsi, viazi vya kuchemsha, mama wa mahindi anayekimbilia dirishani. Uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na una upepo. Baridi yake ya mwezi wa 6 usiulize. Watu wanavaa sweta ndani ya koti, na juu ya koti wanajifunga kitenge. Naitaja baridi kwa sababu ina kazi huko mbele.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, ana miaka 71. Alipoanza kuumwa alisema ni kichomi, na alikuwa sahihi. Kichomi ndilo jina la maumivu yale yanayochoma mbavuni unapovuta hewa, na daktari alipoandika nimonia alikuwa anatafsiri tu. Alilazwa Jumatatu. Mimi nilifika Jumanne usiku kutoka Dar, nikawa napokezana na dada yangu, mtoto wake wa kwanza, zamu ya kulala naye. Hospitali yenyewe sitaitaja, na haikuwa mbaya kuliko nyingine ambazo nimewahi kuuguza ndani yake. Alikuwa anachomwa sindano za antibayotiki, alikuwa na dripu, na kwenye faili ilikuwa imeandikwa vipimo vichukuliwe kila baada ya saa 4.

Mimi ni mtu wa kusoma kila karatasi iliyo mbele yangu. Nikasoma chati. Ina safu ya joto, safu ya mapigo, safu ya pumzi, safu ya presha. Mpaka Jumatano jioni ilikuwa imejazwa mara 11. Joto lilipanda na kushuka, 38.1, 37.6, 37.2. Mapigo nayo yalitembea: 88, 94, 102, 96. Presha hivyo hivyo. Ukija kwenye pumzi: 20, 20, 20, 18, 20, 20, 20, mpaka mwisho. Mara 10 kati ya 11, ishirini. Binti aliyekuwa anamuuguza mama yake kitanda cha pili aliniomba nimsomee na ya kwao, kwa vile imeandikwa Kiingereza. Ishirini. Ishirini. Ishirini.

Sasa, 20 ni namba nzuri sana. Mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukiandika 12 mtu anaweza kushtuka, ukiandika 25 mtu atakuuliza umefanya nini baada ya kuona hivyo. Ishirini iko ukingoni mwa usalama, haiamshi mtu. Katika kazi yangu tuna msemo wa namna hiyo hiyo, "baadhi ya wananchi waliozungumza na gazeti hili", nao ukiukuta mara nyingi mno ujue hakuna mwananchi aliyezungumza na mtu.

Lakini kabla hujamlaani mtu, fanya hesabu. Wodi ilikuwa na vitanda 28 na vyote vilikuwa na watu. Kumpima mgonjwa mmoja vitu vyote vinne kwa haki, pamoja na kusalimiana, kumkalisha, kumvua sweta na kuandika, ni dakika 5 kama kila kitu kimekwenda vizuri. Mara 28 ni dakika 140. Saa 2 na dakika 20, kila baada ya saa 4, na katikati kuna sindano, dripu zilizovimba, mgonjwa mpya, ndugu wanaouliza duka la dawa liko wapi. Usiku ule wauguzi wa zamu walikuwa wawili, mmoja wao akiwa pia anaitwa wodi ya jirani. Mashine ya presha ilikuwa moja. Katika vipimo vyote hivyo, kimoja tu hakina mashine, hakitoi mlio, hakionyeshi tarakimu, kinadai dakika nzima ya kusimama tu ukitazama kifua cha mtu. Hicho ndicho kinachokufa kwanza. Na wauguzi niliozungumza nao baadaye hakuna hata mmoja aliyejifanya kushangaa.

Kuna njia ya mkato ya kati na kati: unahesabu sekunde 30 unazidisha mara 2, au sekunde 15 mara 4. Kwa mapigo ya moyo yaliyotulia haina madhara makubwa. Kwa pumzi ni hatari, kwa kuwa pumzi ni chache. Ukihesabu sekunde 15 ukakosea pumzi moja tu, umekosea 4. Na njia ya mkato inaacha alama, kama mwizi mwenye matope miguuni: ukizidisha kwa 2 hupati kamwe namba witiri. Chati yenye 16, 18, 20, 22, 24 na haina 17 wala 21 hata siku moja, hiyo inakwambia kitu kuhusu saa iliyotumika.

Jumatano saa 4 usiku, au saa 22:00 kwa mujibu wa chati (maana wodini mgonjwa anaishi saa zetu na karatasi inaishi saa zao), alikuja mwanafunzi. Mwaka wa pili, stashahada. Binti mdogo, sketi nyeupe, sweta ya buluu, saa imening'inizwa kifuani kwa pini, uso chini, ili yeye akiinamisha kichwa aisome sawa. Alianza na salamu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kamwene."

"Kamwene bibi. Umeshindaje?"

"Salama tu… nashukuru… Mungu."

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa kuwa nadhani wanaopenda lugha wataona kitu ambacho vitabu vya uuguzi vilivyoandikwa Uingereza haviwezi kukiona. Kiswahili kinamlazimisha mgonjwa aanze kwa uongo. Hujambo? Sijambo. Habari za leo? Nzuri. Mtu amebebwa kwenye bodaboda kilomita 20, anatokwa jasho, ukimwuliza habari anasema nzuri, kisha anaweka "ila": nzuri, ila mwili hauna nguvu, salama, ila tangu juzi sijala. Ukweli wote wa tiba upo baada ya "ila". Muuguzi mwenye haraka anasikia "nzuri" anaandika "hana malalamiko". Yule mwanafunzi alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia kwamba bibi amevuta pumzi mara mbili ndani ya sentensi ya maneno manne.

Hakusema kitu. Alishika mkono. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikaendelea, mimi nikafikiri labda mapigo hayaonekani. Nikamwona anatazama tumbo la mama mkubwa chini ya blanketi. Kisha akauliza kwa upole kama anaweza kulishusha blanketi kidogo, akatazama shingo. Misuli ya shingo ilikuwa inafanya kazi, inasimama kila hewa inapoingia, kama kamba inayovuta ndoo. Pua zilikuwa zinapanuka. Vitu hivyo vilikuwepo tangu nimefika. Nilikuwa naviona na sikuwa na jina lake, nikavijumlisha kwenye neno "amechoka".

"Dada," akaniita, "amekuwa akiongea vizuri leo? Hachanganyi maneno?"

Nikamwambia mchana aliniita kwa jina la mama yangu mara tatu. Tukacheka naye. Tukasema ni uzee na tunafanana.

Akahesabu tena. Kisha akaenda kumwita sista wa zamu, nami nikasikia mazungumzo yao yakija koridoni.

"Una uhakika? Saa 12 alikuwa 20."

"Nimehesabu mara mbili, sista. Ya kwanza 34, ya pili 35."

Nadhani ile 35 ndiyo iliyomtembeza sista haraka. Thelathini na tano ni witiri. Huipati kwa kuzidisha. Mtu aliyesema 35 amesimama dakika nzima. Na kwa mtu mzima mwenye nimonia, pumzi 30 na kwenda juu ni alama ya hatari inayofundishwa vyuo vyote. Kuchanganya maneno ni nyingine. Kuvuka miaka 65 ni nyingine. Mama mkubwa alikuwa nazo zote tatu, amelala palepale, joto lake likisoma 37.2 kama mtu aliyetoka kuoga. Hilo nalo niliambiwa baadaye: mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili usipandishe homa. Ile 37 tunayoiamini ilitoka kwa daktari Mjerumani, Carl Wunderlich wa Leipzig, aliyeandika kitabu mwaka 1868 baada ya kupima maelfu kwa maelfu ya watu. Ni wastani. Mama mkubwa hajawahi kuwa wastani.

Wakaleta kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Kikasoma 71, kikaruka 90, kikaonyesha vistari. Sista akataka kukitoa akachukue kingine. Mwanafunzi akashika vidole vya mama mkubwa akasema, "Sista, ni baridi." Vilikuwa kama vya mtu aliyetoka kufua mtoni. Kibanio kile kinapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma damu inayodunda humo. Damu ikiwa imekimbilia ndani kwa baridi, hakuna cha kusoma. Dada yangu alikuwa ameacha chupa ya maji ya moto. Tukaifunga kwenye kanga, tukamshikisha, tukasubiri dakika 4 hivi ambazo sitazisahau. Kikasoma 86 na kikatulia hapo. Kwa kawaida tunataka 95 na kuendelea.

Na hata hiyo 86 ni ya kuitilia shaka. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo kwamba vifaa hivi vinakosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya vinavyokosa kwa weupe, yaani vinasoma juu kuliko ukweli. Ngozi yetu inakidanganya kifaa. Ndiyo maana muuguzi wa huku akifundishwa kwamba mgonjwa aliyekosa hewa "anakuwa wa buluu", inabidi mtu amwambie pia atazame wapi: ulimi, ndani ya midomo, ukingo wa kucha. Kwenye shavu la Mbena wa miaka 71 buluu hiyo utaisubiri mpaka asubuhi, na asubuhi utakuwa umechelewa.

Wakamwinua akae, mito miwili na blanketi langu mgongoni. Daktari akaja. Mashine ya oksijeni ikasukumwa kutoka wodi nyingine, dawa ikabadilishwa. Usiku mrefu. Malori yalikuwa yanapita kule barabarani yakibadilisha gia, nami nilikuwa nahesabu. Saa 7, 33. Saa 9, 31. Kabla ya alfajiri, 27. Mwanafunzi alikuja kila saa, na tulilinganisha namba kama watu wanaolinganisha bei za viazi sokoni.

Mama mkubwa alitoka baada ya siku 9. Yule mama wa kitanda cha pili hakutoka. Sijui ugonjwa wake ulikuwa nini hasa, na siwezi kusema ishirini zake zilihusika au hazikuhusika. Binti yake alikunja shuka, akaniachia sabuni na ndoo, akasema vitanifaa.

Nilibaki Makambako wiki mbili zaidi, na jirani yetu mmoja ni muuguzi mstaafu. Nilimwambia ninataka anionyeshe. Akadhani nataka kumhoji. Nikamwambia hapana, nionyeshe kwangu mimi. Akacheka, akanikalisha kwenye kigoda barazani.

"Nimeshaanza," akasema.

"Umeanza lini?"

"Ulipokuwa unafungua geti. Unaegemea mguu wa kulia."

Uchunguzi unaanza mlangoni. Anaingiaje, anashika nini, anakaa kwa kujitupa au kwa kujipima, nguo zimekuwa kubwa tangu lini, mkanda umetobolewa tundu jipya. Baada ya hapo ndiyo unakuja mpangilio wao: kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza. Kabla ya kunigusa alisugua viganja vyake mpaka vikalia. Alisema kwa Makambako hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kupima tumbo. Ukimwekea mtu mkono wa baridi tumbo linakaza, halafu unaandika "tumbo gumu" wakati ugumu umeuleta wewe. Akashusha kope yangu ya chini kuona wekundu wa ndani. Akafungua kiganja changu akakilinganisha na chake, kutafuta upungufu wa damu. Akabonyeza juu ya kifundo cha mguu kwa dole gumba, akaachia, akasubiri kuona kama kishimo kitabaki. Hakikubaki. "Mzima wewe, una njaa tu."

Kugonga ndiko kulinifurahisha zaidi. Unalaza kidole cha kati cha mkono mmoja mgongoni mwa mgonjwa, unakigonga kwa ncha ya kidole cha mkono mwingine, unashuka nacho ukisikiliza. Palipo na hewa panalia, palipojaa panazibwa. Aliyeiandika mbinu hii kwanza, mwaka 1761, ni daktari wa Vienna aitwaye Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na inasemekana aliipata kwa kuona mapipa ya mvinyo yanavyogongwa kujua yamebaki na kiasi gani. Sista hakuhitaji mapipa ya Vienna. "Si unajua unavyogonga simtanki kujua maji yameishia wapi? Ndiyo hivyo hivyo. Nimonia ni pale simtanki inapoacha kulia." Nikagonga simtanki lake pale nje, kisha nikagonga mgongo wake aliponigeuzia, na kwa kweli ni muziki mmoja.

Kwenye tumbo mpangilio unabadilika. Unatazama, halafu unasikiliza, ndiyo baadaye unagonga na kupapasa. Utumbo ukishauchokoza kwa vidole unaanza kuongea kwa sababu yako, na wewe ulitaka kusikia ulivyokuwa unaongea peke yake. Aliponieleza hili niliwafikiria waandishi fulani na maikrofoni zao, lakini tuendelee.

Nilimwuliza kuhusu ile skeli ya maumivu, sifuri mpaka kumi. Akanipungia mkono. Ukimwuliza bibi wa Njombe maumivu ni ngapi, anakujibu "mwanangu, yanauma". Hajakataa kukusaidia, umemwuliza swali la mizani na yeye ana swali la aina. Na hapo Kiswahili kinalipa deni lake la uongo wa salamu, kwa kuwa sijui lugha nyingi zilizogawa maumivu hivi: kichwa kinawanga, jipu linapwita, tumbo linasokota, kidonda kinawasha, mbavu zinachoma, mguu umekufa ganzi, jino linavuta. Kila kitenzi ni nusu ya uchunguzi. Anayesokotwa tumbo na anayechomwa tumbo hawana ugonjwa mmoja. Ajabu ni kwamba mwanafunzi anafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ambako yote hayo anayakuta kwa majina mengine, kisha anatumwa wodini kutafsiri kinyumenyume, na wazee wengine wanamjibu kwa Kibena. Sijawahi kuona kamusi ya jambo hili ikiwa kwenye mfuko wa sare ya nesi. Wapo wanaisimu humu mnasoma, kazi hiyo.

Kisha akazungumzia miaka ya 90. Sikumwuliza, aliufikia mwenyewe, kwa sababu huku mazungumzo yoyote kuhusu kugusana na wagonjwa yanafika huko. Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU Tanzania Bara; utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Siku hizi watu wanameza dawa na wanalima viazi. Wakati ule hapakuwa na dawa, glavu zilikuwa za kuhesabu, na alisema kulikuwa na wagonjwa ambao ndugu waliwapitishia chakula kwa kusukuma sahani sakafuni. "Mimi nilikuwa sina cha kuwapa. Panadol na uji. Kwa hiyo nilikuwa nawapima mapigo." Kila siku, asubuhi na jioni, dakika nzima, hata pale ambapo jibu halikubadilisha chochote. "Wengine nilikuwa ndiye mtu pekee aliyewashika wiki hiyo."

Nimejaribu kutafuta kitu kama hiki kwenye vitabu vyetu. Madaktari walioandika tunao: Chekhov, Nawal El Saadawi, Lenrie Peters wa Gambia. Wauguzi ni wachache zaidi, na mkubwa kati yao tunaye hapa hapa jirani, ingawa wanaomsoma mara nyingi wanasahau alianzia wapi. Grace Ogot alisomea uuguzi Mengo, Uganda, na baadaye ukunga Uingereza, kabla ya vitabu na kabla ya siasa za Kenya. Katika Land Without Thunder, mkusanyiko wa 1968, ana hadithi ya wauguzi wa hospitali ya misheni wanaogoma kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa, na mtu asiyewahi kuvibeba asingeweza kuiandika. The Promised Land ya 1966 inampeleka mume na mke Waluo mpaka Tanganyika, ambako mwanamume anaota vitu kama miiba mwili mzima. Nimeirudia tangu nitoke Makambako. Watu huijadili kama riwaya ya uchawi au ya uhamaji. Mimi sasa naisoma kama kazi ya mtu aliyezoea kushusha shuka na kutazama ngozi bila kukunja uso. Siri ya ngozi ile haimvutii sana. Anakwambia imekaaje, inawasha wapi, nani anaogopa kuigusa.

Kuhusu presha nilitaka kuandika zaidi, lakini nitasema moja tu, la faida kwa wasomaji wa mikoa ya baridi. Ule mkanda wa mashine haufungwi juu ya sweta. Nimeona ukifungwa juu ya sweta, juu ya koti, na mara moja juu ya sweta na kitenge. Ukipimwa hivyo, au ukiwa umetoka kupanda kilima kutoka stendi, au ukiwa unajibu simu, ile namba ni ya sweta na kilima na simu. Omba ukae dakika 5, miguu isipishane, mkono uegemezwe. Hawatachukia. Wengi watakushukuru.

Siku moja kabla sijarudi Dar tulikuwa tumekaa jikoni na mama mkubwa, jiko la mkaa katikati. Alikuwa bado anakohoa lakini anamaliza sentensi, tena ndefu, za kunisema kuhusu kuolewa. Katikati ya hayo akaniuliza kuhusu "yule mjukuu wa usiku". Alikuwa anataka kujua kwa nini alimshika mkono muda mrefu vile.

Nikamweleza. Nikamwambia mapigo yaliisha dakika ya kwanza, zilizobaki alikuwa anahesabu pumzi zako kwa siri.

Akanyamaza akigeuza viazi. "Kumbe. Mimi nilijua amenionea huruma."

"Labda vyote viwili."

"Basi tumpelekee maparachichi."

Tukafunga nusu gunia. Nilipofika wodini nikaambiwa kundi lao limehamishiwa kituo kingine kumalizia mazoezi, na jina lake sikuwa nalo, nilikuwa na sweta ya buluu tu na saa ya kifuani, na wanafunzi wote wana sweta za buluu na saa za kifuani. Sista wa zamu akasema niyaache, yataliwa. Nikayaacha.